Mapigo Tisa ya Kigong'ota

Paukwa!

Pakawa!

Walio macho?

Tu macho, tunakusikiliza!

Basi sikilizeni kwanza jina la waraka: "Waraka wa Baraza la Bwawa Kuhusu Idadi Halali ya Mapigo ya Ngoma Yai la Mfalme Litakapoanguliwa, Pamoja na Marekebisho Yake." Jina refu. Mambo mafupi: jike, mapigo matatu; dume, mapigo tisa.

Hapo zamani za kale, kwenye visiwa vya mbali linakochomozea jua, palikuwa na bwawa la makorongo. Kila mwaka, kabla ya theluji, kundi lilivuka milima kwenda kusini. Aliyechelewa aliganda. Na sheria ilisema: anayetangulia ni dume wa ukoo wa mfalme. Lakini mfalme alikuwa amezeeka, na ukoo ulizaa majike, majike, majike tu. Kwa misimu mitatu aliyewavusha wote salama ni binti mkubwa, Yukari. Kwenye daftari la Baraza aliandikwa "msindikizaji wa muda."

Malkia akataga yai. Lo! Bata waliacha kugombana. Vyura walishusha sauti. Kila aliyekutana na mwenzake aliuliza neno moja tu: "Dume?" Na mwenzake alijibu: "Inshallah, dume."

Mpigaji wa ngoma alikuwa Kigong'ota, kama baba yake, kama babu yake. Ngoma yenyewe ni gogo lenye uvungu. Asubuhi ya kuanguliwa yai alikaa juu ya gogo lake, na kando yake Katibu Tumbili, waraka mkononi.

Kach! Yai likapata ufa. Kach, kach! Ukatoka mdomo. Kikatoka kichwa kimelowa chepechepe. Kifaranga akasimama, akaanguka. Akasimama, akaanguka. Akasimama. Hata upepo ukatulia kwenye matete. Kigong'ota alikuwa ameona mengi maishani, lakini hakuwahi kuona kitu kidogo namna ile kikiutazama ulimwengu wote bila woga.

"Gonga, bwana!" Tumbili akanong'ona.

"Nigonge mangapi?"

"Kwani ni nani huyo?"

"Ni kifaranga."

"Kifaranga wa namna gani?"

"Wa namna ya manyoya, Mheshimiwa Katibu. Korongo dume na korongo jike wanafanana. Baba aliniambia waraka ndio unaojua."

Tumbili akafunua kurasa, mbele, nyuma, mbele tena. "Waraka umetaja kugonga. Kuangalia haukutaja."

Ko! Ko! Ko!

Kigong'ota akasita. Akainua macho. Macho elfu yalikuwa yanamtazama, hayapepesi. Bibi Bata, mzee kuliko wote, alikuwa amekunja mbawa kifuani kama anayeomba. Kigong'ota akaona haya kuwavunja moyo.

Ko!

Bwawa likashtuka. Ko! Ko! Wakaanza kuhesabu kwa sauti. Ko! Ko! Ko!

"Tisa!"

Ikawa shangwe, ikawa vilio vya furaha, vyura wakaimba mpaka sauti zikakauka. Yukari peke yake aliinamisha shingo na kumwambia kifaranga polepole, "Karibu, mdogo wangu."

Majani yakawa mekundu. Theluji ikaonekana vileleni. Mrithi alishajua kuruka, na Tumbili akamweka mbele ya kundi.

"Ni marufuku kumtangulia mrithi. Haya, twendeni!"

Mrithi akatazama kulia. Akatazama kushoto. "Dada," akauliza, "kusini ni wapi?"

Tumbili akafunua waraka, akaufunga.

"Tutamsubiri akumbuke," akasema Tumbili.

"Akumbuke nini, we Tumbili?" akafoka Bibi Bata. "Ana miezi minne!"

Ukingoni maji yalianza kuganda: krr, krr. Kigong'ota aliisikia sauti ile hadi kwenye kucha. Kundi haliondoki bila ngoma. Akitangulia jike, mapigo matatu; akitangulia dume, tisa. Naye moyoni alijua yale tisa aliyatoa wapi.

Ko! Ko! Ko!

Akaishia hapo.

"Ongeza sita!" Tumbili akapiga kelele.

"Sita niliyaongeza siku ile, Mheshimiwa. Yametosha."

Yukari akaelewa. Akakunjua mbawa. Mrithi akamfuata mbio, anacheka. Nyuma yao kundi zima likainuka, weupe juu ya weupe, likapanda ndani ya theluji iliyokuwa inashuka, na sauti ya mbawa zile ikajaza bonde kama mvua kubwa inayokuja. Tumbili akavua kofia bila kuamriwa na mtu. Kigong'ota alibaki mdomo wazi, theluji ikimwingia.

Baraza lilikaa siku kumi na moja. Likaamua kwamba mapigo yalikuwa tisa, ila sita hayakusikika kwa sababu ya hali ya hewa.

Funzo, wakubwa kwa wadogo, ni hili: anayeijua njia ndiye atangulie, awe jike, awe dume.

Hapo ndipo hadithi yangu imekunja mbawa zake.

Na yule mrithi wa kiume, mwaka wa nne, alitaga mayai mawili.