Mkeka Utakaokunjwa

Hapo zamani, si zamani ya kwanza wala ya majuzi, juu ya mlima ambako ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, palikuwa na ghala kuukuu la kahawa. Kahawa ilikuwa imekwisha kuhamia kwingine; harufu yake ilibaki. Humo, kila alfajiri, watu wa mji walitandika mikeka yao wakafanya yoga ile iitwayo Ashtanga, ambayo mikao yake hufuatana kwa mpangilio usiobadilika, na kila mkao hupimwa kwa pumzi.

Mambo ambayo mashahidi wote waliyakubali ni haya. Kwamba asubuhi ya tukio ukungu ulikuwa mzito hata mtu hakuuona mkeka wa pili kutoka wake. Kwamba Mwalimu Shekalaghe, mwenye ghala, alikaa mbele amefumba macho, kama ilivyokuwa desturi yake, akizisikiliza pumzi za wanafunzi. Kwamba pumzi ya Nakiete, mshonaji wa sokoni, ilitoka kooni laini na ndefu. Kwamba Mwalimu, baada ya kuisikiliza, alisema, "Haya, dada, leo chukua yungiyungi," yaani ule mkao wa kuketi kila mguu ukiwa juu ya paja la mguu wa pili. Na kwamba punde si punde goti la Nakiete lililia kama kijiti kikavu, ilhali mwenyewe hakulia.

Hayo yalikubaliwa. Yaliyobaki yote yalibishaniwa.

Sheria ya ghala ilikuwa fupi. Mtu asipewe mkao mpya kabla pumzi yake haijatulia katika ule wa kabla yake. Mtu asiutazame wala asiusemee mkeka wa mwenzake. Na yule ambaye kosa lake limeuvunja mwili wa mtu, mkeka wake ukunjwe, aondoke, asirudi. Sheria ilitaja mkeka mmoja. Walioitunga hawakuwaza kwamba kosa moja laweza kuwa na wazazi kadhaa.

Uvimbe wa goti ulipopungua, wanafunzi walikusanyika ili wapate jina la mwenye kosa. Kazi ya kuuliza maswali alipewa Hozza, mwenye bucha, kwa kuwa hakumwogopa mtu.

"Tusikawie," alisema Hozza. "Nina ng'ombe ananisubiri. Yeye hana haraka, lakini wateja wanayo."

Nyuma ya wote aliketi Namsifu, mjane. Tangu alipomzika mumewe, usingizi ulikuwa umeihama nyumba yake. Mahali pekee ulipomfikia ni hapo ghalani, mwisho wa mazoezi, watu wote wanapolala chali, viganja wazi, na ukungu kupita juu yao polepole kama unawahesabu. Hapo ndipo alipolala. Hapo ndipo alipomwona mumewe akipogoa mibuni yenye majani meupe, amempa mgongo, hageuki. Mikao yote ya asubuhi, kwake, ilikuwa njia tu ya kufikia mlalo ule wa mwisho. Mkeka wake ukikunjwa, atakuwa amezika mara ya pili.

Mwalimu Shekalaghe akasimama wa kwanza.

"Kosa ni langu," alisema. "Kutoa mkao ni kazi yangu peke yangu, na lawama ya kazi hiyo ni yangu peke yangu."

"Ulimpa yungiyungi kwa kuona nini?" Hozza aliuliza.

"Sikuona. Nilisikia. Mwili hujifanya, pumzi haijui uongo. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha."

"Kwa hiyo ulifumba macho ukaamini sikio. Nami ningepima nyama hivyo, Mwalimu, ungekuja kununua?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka, kwa maana waliona jambo hilo linaelekea wapi. Mwalimu akiondoka, nani atafungua ghala?

Nakiete akasimama wa pili, mkono mmoja kwenye mkongojo.

"Kosa ni langu," alisema. "Mwacheni Mwalimu. Goti lilikuwa linawaka tangu mvua za vuli. Niliighushi pumzi."

Hozza alimsogelea.

"Pumzi inaghushiwaje, dada?"

"Kama unavyomchekea mteja aliyeleta kitambaa kibovu. Maumivu unayaweka chini, ulaini unauweka juu. Mwalimu mwenyewe alituambia: mkao ukiwa mgumu, lainisheni pumzi, mwili utafuata. Nililainisha. Mwili haukufuata."

"Lakini kwa nini?"

"Kwa sababu kila asubuhi aliniambia bado. Bado, dada. Bado kidogo. Waliokuja baada yangu wakanipita. Nilichoka kuwa mtu wa bado."

"Na cherehani chako kinakanyagwa na mguu gani?"

"Huuhuu."

"Basi umekwisha kuadhibiwa, tukuache."

"Hapana, kaka. Hayo ni maumivu. Adhabu ni jambo jingine."

Namsifu alisikiliza, akapima. Ungamo si ukweli kwa sababu tu linamchoma anayelitoa. Mwalimu alijitwika kosa, na kwa kujitwika alimlinda Nakiete. Nakiete alijitwika kosa, na kwa kujitwika aliliacha ghala wazi. Kila mmoja alikuwa na neno la kweli, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kulitaka neno lake lishinde.

Shauri lingeweza kuishia kwa hao wawili. Hakuna shahidi aliyemtaja Namsifu. Mkeka wake ulikuwa kando ya mkeka wa Nakiete, basi, na kuwa kando ya mtu si kosa.

Lakini yeye alisikia. Mumewe alipokuwa mgonjwa, Namsifu alizoea kulala kando yake akipumua kama aliyesinzia, ili mgonjwa asione aibu ya kumkesheza. Aliijua pumzi iliyotengenezwa kwa mkono. Huwa nzuri kupita kiasi. Haina iliyo fupi wala iliyo ndefu, haijikwai popote. Asubuhi ile aliisikia ikitoka kwa Nakiete, ndani ya ukungu, nzuri kupita kiasi. Aliisikia kabla Mwalimu hajasema neno. Aliisikia baada ya Mwalimu kusema. Aliisikia mguu wa kwanza ulipopanda, na wa pili ulipoanza kufuata. Maneno mawili yangetosha: dada, acha.

Namsifu akasimama wa tatu.

"Kosa ni langu," alisema.

"Na wewe tena!" Hozza alirusha mikono. "Leo kosa limekuwa pilau, kila mtu analeta sahani?"

Akawaeleza. Alipomaliza, Mwalimu alitikisa kichwa.

"Sheria ilikukataza kuusemea mkeka wa mwenzako, Namsifu. Aliyeitii sheria hahukumiwi kwa kuitii."

"Ningependa iwe hivyo, Mwalimu. Lakini sikunyamaza kwa ajili ya sheria. Ningesema, mngesimama wote, na mlalo wa mwisho usingefika. Nilikuwa na usingizi wangu mbele. Nilitazama goti la dada huyu, nikatazama usingizi wangu, nikachagua."

Nakiete aligeuka taratibu, mkongojo ukikwaruza sakafu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na kesho yake ukaniletea uji."

"Nikakuletea."

"Ulikuwa mtamu," alisema Nakiete, na hakuna aliyeelewa kama hayo yalikuwa msamaha au shtaka.

Hozza alikuna kidevu. Mwalimu alikuwa na mamlaka, lakini hakuwa na habari. Nakiete alikuwa na habari, na goti lilikuwa lake, lakini ulaini ule alifundishwa. Namsifu alikuwa na habari, na sheria ilimziba mdomo, ila mwenyewe amesema kwamba sheria siyo iliyomziba. Tena, asingesema leo, nani angejua? Mwondoe yeyote kati ya hao watatu, na goti lingekuwa zima.

"Mimi ni mtu wa kukata," Hozza alisema, "lakini hapa sioni pa kupitisha kisu. Mikeka yao mitatu itandikwe. Walale juu yake. Mwenye hukumu aje akunje mmoja."

Ikatandikwa. Wakalala chali, viganja wazi. Ukungu ukaingia ukawafunika, na Namsifu akafumba macho. Kushoto kwake alisikia pumzi ya Nakiete, kulia kwake pumzi ya Mwalimu, zote laini, zote ndefu, na safari hii hakuweza kusema kama zilikuwa za kweli. Kisha usingizi ukaja. Mibuni ikaota majani meupe. Mumewe alikuwa amesimama palepale, mkasi mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu afe, alianza kugeuza shingo.

Wakati huohuo mlango wa ghala ulifunguka. Nyayo zikavuka sakafu, zikasimama penye mikeka.

Nyayo hizo ni zako, msikilizaji. Umewasikia wote watatu, na hakuna shahidi mwingine atakayekuja. Inama. Je, utakunja mkeka wa nani?