Sasisho la Idefonsi

Idefonsi alikuwa fundi hodari wa kompyuta, ila alikuwa na ugonjwa mmoja: kila kitu kipya kilimlevya kama pombe ya ndizi. Asubuhi hiyo alifika katika kituo cha afya kule Bukiriro kusasisha kompyuta ya maabara, iliyotumia mfumo wa Linux. Bila kompyuta hiyo, mashine ya kupima wingi wa damu haikuweza kutoa majibu.

"Sasisha, mwanangu, lakini mafaili ya zamani usiyafute kabla hatujaijaribu mashine," alimsihi Bonifasia, mtaalamu wa maabara.

"Mama, haya ni makapi," Idefonsi alicheka. "Mapya yamekuja. Haya yanajaza nafasi bure."

Akasasisha, akafuta, hata nakala hakubakiza. Kisha akaenda kunywa chai, kifua mbele kama jogoo.

Punde Leonsia akaingia mbio, mgongoni amembeba mwanawe Ishimwe aliyeugua malaria. Viganja vya mtoto vilikuwa vimepauka kama majivu. Daktari alitaka kujua upesi kiasi cha damu yake.

Bonifasia akaweka damu mashineni, akafungua programu. Ikagoma. Kiooni ukatokea ujumbe kwamba maktaba inayohitajika haipatikani.

Idefonsi alipoitwa na kuusoma ujumbe ule, jasho lilimtoka. Maktaba ni faili ambalo programu hulitegemea kwa kazi ambazo haiwezi kuzifanya peke yake, na programu ile ilitegemea toleo lilelile alilolifuta. Akakimbilia njia ya mkato: akaliita toleo jipya kwa jina la lile la zamani. Programu ikafunguka. Bonifasia akashusha pumzi, lakini kabla namba hazijatokea, ikazimika.

"Umempa mgeni jina la marehemu, ukadhani ataijua na kazi yake!" Bonifasia alifoka.

Leonsia naye uvumilivu ukamwisha. "Kaka, mwanangu anapumua kwa shida, nawe unabahatisha? Jana mashine hii ilipima watu! Ilikukosea nini?"

Idefonsi akampigia simu Aron, fundi mwenzake wa Nyantakara, ambaye kompyuta yake ilikuwa na programu ileile na haikuwa imesasishwa. Aron akamtumia toleo la zamani. Mtandao ulijikokota kama konokono, na Bonifasia alisimama nyuma ya kiti, mikono kiunoni, akihema kwa hasira. Faili lilipofika, Idefonsi aliliweka kando ya lile jipya, akaiamuru kompyuta izitambue upya maktaba zake zote, kisha akafungua programu.

Namba zikatokea. Daktari akazisoma, uso ukamkunjamana, akaagiza mtoto atundikiwe damu papo hapo.

Alasiri Ishimwe alifumbua macho, akaomba uji. Idefonsi akamsogelea Leonsia, kichwa chini.

"Mama Ishimwe, nisamehe."

"Mungu amekusamehe, maana mtoto yu hai," Leonsia alijibu bila kumtazama. "Mimi hasira bado ninayo. Angekufa, ungeniambia nini? Kwamba kompyuta ilikuwa mpya?"

Wahenga hawakukosea waliponena: usiache mbachao kwa msala upitao.