Viatu Vinne vya Nyati

Hapo zamani za kale, kale yenyewe ikiwa bado changa, wanyama walikuwa na tanuri la matofali. Msibishe! Mimi niliacha shule darasa la nne, mwalimu alipoishiwa ya kunifundisha, na hili nalijua kuliko waliomaliza.

Mwenye tanuri alikuwa Tembo. Fundi mkuu alikuwa Nyati. Miaka ishirini alikanyaga udongo kwa kwato zake, chwapu! chwapu! na kwa kazi hiyo akalisha ndama wanne. Desturi ya pale ilikuwa moja: kila tanuri likipangwa, fundi mkuu hukanyaga tofali la kwanza likiwa bichi, alama ya mguu wake ibaki. Mwenye alama ndiye mwenye cheo.

Akaja Nguchiro, kibarua mgeni, mwili kama kiazi, mdomo kama filimbi. Nyati akamfundisha kila kitu, hata kugonga tofali na kusikiliza. Likilia ngiii! limeiva. Likisema bu! rudisha motoni.

Siku moja Nguchiro akaja na viatu vinne vya ngozi, vinang'aa.

"Shikamoo, mzee wangu. Zawadi yako hii."

"Marahaba. Viatu vya nini tena? Mimi mtu wa tope."

"Lo! Mzee, zama zimebadilika! Kiongozi wa siku hizi hagusi tope, anasimamia. Ng'ambo ya mto wakubwa wote wanavaa."

"Wote?"

"Wote! Wasiovaa ni vibarua."

Nyati akavivaa. Ko! ko! ko! ko! Swala na Ngiri, vibarua wa pale, wakampigia makofi. Kichwa kikamvimba.

"Na tofali la kwanza je?"

"Utachafua viatu, mzee! Nitakukanyagia mimi. Mguu wangu, heshima yako."

Ikapita masika, ikapita vuli. Nyati kazi yake ko ko ko, anakohoa, anasema, "Vizuri, vizuri." Kwato zikalainika mle ndani kama mkate kwenye chai.

Ndipo Tembo akaja, uso umekunjamana.

"Jamani, wanaojenga wamepungua. Nabakiza fundi mkuu na vibarua wawili. Leteni matofali ya kwanza ya mwaka huu."

Yakaletwa kumi. Yote kumi yana kikucha kidogo cha Nguchiro.

"Bwana Tembo, fundi ni mimi!" Nyati akalia. "Nguchiro, sema basi!"

Nguchiro akainamisha kichwa. "Mzee tunamheshimu sana. Anatembea vizuri."

"Swala! Ngiri! Si mimi niliyewafundisha?"

Wakatazama chini. Vibarua wa kubaki ni wawili, na wao walikuwa wawili.

"Haya, ingia topeni nione," akasema Tembo.

Nyati akavua viatu, akaingia. Chwa... puuu! Akateleza, akalala chali. Kwato zikapasuka, tope likawa jekundu.

"Mzee amechoka," akasema Nguchiro kwa upole. "Mpeni maji."

Maji alipewa. Kazi hakupewa.

Akafika kwake, ndama wanne wakamkimbilia. Mkewe akatoka jikoni.

"Baba watoto, leo umetuletea nini?"

"Viatu," akasema Nyati.

Hadithi yangu imekwama hapo mlangoni kwao, na mimi sina nguvu ya kuivuta.

Anayekuvisha viatu ili usiguse kazi yako, kazi hiyo keshaipima ikamtosha.