Magimbi Kwenye Utoro wa Ndiva

Mtu mmoja alikuwa na dada mjane huko milima ya Upare, na dada huyo, Namkunda, alikuwa na shamba la mwisho kabisa kwenye mfereji wa kijiji. Juu ya mashamba yote palikuwa na ndiva, yaani bwawa la udongo linalojazwa na kijito. Lilifungwa jioni likajaa polepole, likafunguliwa asubuhi, na maji yakateremka kutoka shamba hadi shamba. Wenyewe walikuwa na taratibu zao. Baragumu likilia, kila nyumba ilitoa mtu mmoja na jembe lake kwa kazi ya pamoja, kazi wanayoiita msaragambo. Asiyekuja, maji yalipita shambani kwake bila kuingia mpaka alipe kwa jasho. Na msimamizi wa ndiva hakuchaguliwa kwa mali wala kwa sauti nene. Alitoka katika shamba la mwisho, kwa sababu wa mwisho ndiye wa kwanza kujua maji yanapopungua. Kwa hiyo msimamizi alikuwa Namkunda.

Mtu yule, mdogo wake, aliitwa Eliakimu. Alikuwa na maduka mjini na moyo mzuri, na nataka mlishike hilo, maana hadithi hii haina mtu mbaya. Siku moja alipanda mlimani kusalimia, akamkuta dada yake kwenye ndiva, matope mpaka mapajani, akishindilia udongo na wenzake. Ilimuuma sana. Akasema, "Dada, umri huu bado unakanyaga matope kama ng'ombe? Mimi nipo, nawe unaishi hivi?" Hakungoja jibu. Mwezi haukuisha akaleta fundi, saruji, vibarua kutoka bondeni na lango la chuma lenye gurudumu la kufungulia na kufuli kubwa. Ukuta wa udongo ukapigwa saruji, lango likawekwa, akaajiri mlinzi, Zabloni, akamkabidhi ufunguo. Kijiji kikapiga vigelegele. Namkunda peke yake aliuliza, "Na msaragambo je?" Watu wakacheka, wakamwambia apumzike sasa, mdogo wake amemwonea huruma.

Sina ugomvi na saruji. Nyumba yangu mwenyewe imesimama juu yake, na nikisikia mtu anayesifu matope najua hajawahi kuyakanyaga. Lango lilikuwa zuri. Maji yalikuja kwa wakati, maharage yakazaa, na migongo ikapumzika. Lakini tazameni kilichofuata. Baragumu halikulia tena, kwa hiyo watu hawakuwa na sababu ya kukutana. Walipogombania zamu za maji, walimshitakia Zabloni, na Zabloni aliposhindwa, walimpigia simu Eliakimu. Walimpigia kwa ajili ya mfereji uliobomoka. Walimpigia kwa ajili ya nyasi zilizoziba. Mbuzi wa mtu alitumbukia kwenye ndiva akafa, wakampigia simu Eliakimu, naye alikuwa benki kwenye foleni, akabaki anajiuliza yeye na mbuzi wamekutana wapi.

Sasa, kila ndiva ina utoro. Hiyo ni njia ya pembeni inayochimbwa ili maji yakizidi yatorokee korongoni badala ya kupasua ukuta. Zamani kila msaragambo ulimalizikia hapo, watu wote wakifyeka na kuchimbua, hata wavivu, maana waliogopa macho ya wenzao. Saruji ilipokuja, utoro ukasahaulika. Udongo wake ulikuwa mweusi na wenye unyevu, na jirani mmoja aliyeitwa Kajiru aliutamani. Akapanda magimbi. Hakumwibia mtu, alipanda mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kumkataza. Magimbi yakastawi, majani mapana kama masikio ya tembo, na mizizi ikafunga njia yote. Namkunda alimwambia ayang'oe. Kajiru akajibu kwa upole tu, "Shemeji, wewe si msimamizi tena." Namkunda akamwendea Zabloni, naye akasema yeye ameajiriwa kulinda lango, habari za magimbi hazijui.

Mwaka ule mvua za vuli zilikuja na hasira. Kijito kilishuka na magogo, mawe na migomba mizima, vikajibana kwenye lango la chuma. Zabloni alikuwa ameshuka bondeni kwenye msiba wa mkwewe, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Maji yakaanza kupanda. Watu wakatoka, wakasimama juu ya ukuta na miamvuli yao, wakitazama. Chini yao kulikuwa na mashamba, na mwisho wa mashamba kulikuwa na nyumba ya Namkunda, wajukuu zake wakiwa ndani. Kila mmoja aliiona nyumba ile. Mmoja akapiga simu mjini. Eliakimu akasema, "Msiguse lango, mtaliharibu. Fundi yuko njiani." Basi wakamngoja fundi. Mvua ikanyesha, maji yakapanda, wakamngoja fundi. Njia yenyewe ilikuwa imeshakatika bondeni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema hilo.

Kisha ukuta ukaanza kutoa jasho. Maji membamba ya kahawia yalipenya chini ya saruji, pale ambapo udongo wa zamani ulikuwa haujashindiliwa tena. Hapo watu walikimbia, lakini kila mtu alikimbilia kwake. Huyu aliinua tuta kuzuia maji yasiingie shambani mwake, nayo yakageukia kwa jirani. Jirani akainua tuta refu zaidi. Ndugu wawili wa tumbo moja walishikana mashati mpakani, katika mvua, kila mmoja akimwita mwenzake mwuaji. Watu wale wale ambao baba zao walijenga ndiva bila chuma wala fundi hawakuweza siku ile kukubaliana hata jembe la kwanza lipigwe wapi. Naumia kulisema hili, kwa sababu nawajua watu hodari kama wale, nanyi mnawajua.

Namkunda aliwatoa wajukuu, akawapeleka mwinuko wa kanisani, akachukua jembe. Hakulijali tuta la shamba lake. Alipanda mlima mpaka kwenye utoro, akaanza kung'oa magimbi. Kajiru alimwona kutoka mbali. Akaja mbio na panga mkononi, akipiga kelele, "Shemeji! Hicho ni chakula cha watoto wangu! Acha, nakwambia acha!" Akasimama juu yake, panga limeinuka, mvua ikimtiririka usoni. Waliokuwa wakipigana mpakani waliacha kupigana, wakatazama. Namkunda hakuinua kichwa. Alisema, "Basi yang'oe wewe, kwa mikono yako mwenyewe. Lakini yang'oe."

Kajiru alibaki amesimama. Mimi siwezi kuwaambia kilichopita moyoni mwake. Pande la ukuta likameguka karibu na lango, kubwa kama godoro, likaanguka majini. Akainama. Akakata shina la kwanza, halafu la pili, kisha akatupa panga akang'oa kwa mikono miwili, akilia waziwazi. Wale ndugu wawili wakaja. Wakaja wengine. Mikono ilikuwa imesahau kazi, wakawa wanagongana majembe, wanatupiana udongo machoni, mmoja akatoboa mguu wa mwenziwe. Hata hivyo walichimba, na utoro ukafunguka, na maji yakapata pa kwenda, yakanguruma kuelekea korongoni.

Msidhani wote walipona hasara. Walichelewa, na kuchelewa kuna bei yake. Upande wa lango ulipasuka kabla maji hayajapungua. Lango la chuma lilibingirika mpaka chini likalala chali, kufuli yake ikiwa bado imefungwa barabara. Maji yaliyopita hapo yalipoteza nguvu kwa sababu ya utoro, ndiyo maana nyumba ya Namkunda ilisimama. Lakini shamba lake lilikwenda. Lile shamba la mwisho, alilolima tangu anaolewa, lilibaki mawe matupu.

Njia ilipotengenezwa Eliakimu alipanda mlimani na lori. Alikuwa na saruji, nondo, na vibarua wapya waliokaa juu ya mifuko. Alipoona yale mawe alimkumbatia dada yake. Kisha akageukia watu, akasema kwa sauti ya mtu anayependa kwa kweli, "Poleni. Nitajenga upya, imara kuliko mwanzo. Safari hii hakuna hata mmoja wenu atakayeshika jembe." Miguu yao ilikuwa bado na matope, viganja vina malengelenge. Nyuso chache zilianza kutabasamu. Nami nasikitika kuwaambia kwamba Kajiru aligeuka kidogo, akautupia jicho ule udongo mweusi wa utoro.

Namkunda akamshika mdogo wake mkono. Akamwambia, "Saruji yako tunaipokea, Mungu akubariki. Lakini kabla hujashusha mfuko mmoja, waulize hawa kama ndiva hii ina wenyewe."

Eliakimu alishangaa, lakini alikuwa mtu wa heshima. Akawauliza. Dereva hakuzima injini, vibarua walikuwa wameshikilia mifuko wakingoja neno, na kijiji kizima kilikuwa kinatazamana.

Ninyi mliokaa hapa, mngemjibu nini, na kesho asubuhi nani kati yenu angekuja na jembe?