Fisi Aliyerudi Mwaka wa Kwanza

— Jamani, nimekuja na ngano!

— Ya kusagwa au ya kusimuliwa?

— Ya kusimuliwa!

— Imwage!

— Ina uongo ndani yake!

— Uongeze!

— Na atakayesinzia?

— Tutamfinya!

Haya. Zamani, wanyama walipokuwa na chuo chao ng'ambo ya mto, palikuwa na Nguchiro mmoja, binti mdogo wa kichuguuni, mwembamba, pua haitulii. Jina lake Sikujua. Nguchiro huyu akachaguliwa kuingia mwaka wa kwanza. Kwao vikapigwa vigelegele mpaka kichuguu kikapata ufa. Mama yake akamkaangia kumbikumbi kwa chumvi, akawajaza kibuyuni, akaziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi, akamwambia:

"Mwanangu, jiko la chuo halifunguliwi mpaka mvua ya kwanza inyeshe. Mpaka siku hiyo chakula chako ni hiki. Kula kidogo kidogo. Na huko uwasikilize wakubwa."

"Nitawasikiliza, mama."

Akajitwika kibuyu, huyo, tiki-tiki-tiki, mpaka chuoni.

Langoni palikuwa na Fisi. Fisi huyu, wenzangu, alikaa chuoni pale siku nyingi. Walioanza naye walikwisha kuhitimu, wakaoa, wakazaa, na watoto wao wakaja chuoni wakamkuta bado yupo langoni. Alikuwa na tumbo kama pipa na sauti ya upole, na kila mgeni yeye humwita "mdogo wangu."

"Shikamoo, kaka," akasema Nguchiro.

"Marahaba, mdogo wangu! Karibu chuo! Unaitwa nani?"

"Sikujua."

"Hukulijua jina lako?"

"Nalijua, kaka. Ndilo hilo. Sikujua."

Fisi akacheka mpaka tumbo likatikisika. Moyoni akasema, huyu ni wa kuliwa bila kutafunwa. Akamshika bega, akaanza kumpa ushauri.

"Niite Kaka Mkubwa. Hapa kila anayefika huapa mbele ya mkuu wa chuo, Mzee Kifaru. Aliyetangulia kuapa ni mkubwa wa aliyemfuata, na anayefuata humtii. Ndiyo sheria. Mimi niliapa zamani, kwa hiyo wote hawa unaowaona ni wadogo zangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Kaka Mkubwa."

"Sasa sikiliza. Darasani usikae mbele. Ukikaa mbele mwalimu atalikariri jina lako, na kila swali litakuwa lako. Tena usisome mapema, utachosha akili kabla ya mtihani. Na kubwa kuliko yote, chuo hiki kimejaa wezi! Hicho kibuyu kitaondoka huku umekodoa macho. Lete nikuhifadhie, mdogo wangu, lete nikuhifadhie!"

Nguchiro akakumbuka maneno ya mama yake, uwasikilize wakubwa. Akatoa kibuyu. Hajafika hata mlango wa bweni, akasikia nyuma yake: kram! kram! kram! Nglu!

Akageuka. Fisi anajilamba.

"Nahakikisha tu kama hawajaharibika," akasema Fisi.

Bwenini Nguchiro alipangiwa chumba kimoja na Digidigi, kijana mwenye miguu kama vijiti na machozi karibu. Digidigi naye alikuja na kikapu cha majani makavu ya kunde. Alipofika langoni, Fisi alimwambia nini?

— Lete nikuhifadhie!

Naam, lete nikuhifadhie, mdogo wangu, lete nikuhifadhie. Akaleta. Kram! kram! kram! Nglu! Fisi si mla majani, lakini aliyala, na kikapu akakila pia, eti kilikuwa na vumbi.

Siku zikaenda. Mbingu nyeupe, mvua hakuna. Wageni wakawa wanahudhuria masomo huku matumbo yanazungumza: nguru-nguru, nguru-nguru. Akienda mmoja kwa Fisi kuomba hata chembe ya chakula chake, anapewa ushauri mwingine. "Njaa ni sehemu ya elimu, mdogo wangu. Nenda ukapumzike." Na akitoka pale, kama ana kitu kingine, mkia wa samaki au yai la kware, hicho nacho kinahifadhiwa.

Asubuhi moja Nguchiro akamkuta Digidigi anafunga mzigo.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani," akasema Digidigi. "Jana nilianguka darasani, mwalimu akadhani nasujudu. Mimi ni wa kwanza kusoma katika ukoo wetu, Sikujua. Baba alinisindikiza mpaka mtoni, akawa anamwambia kila tunayekutana naye, huyu mwanangu, huyu mwanangu anakwenda chuo. Nitamwambia nini? Lakini nikibaki nitakufa."

Nguchiro alijiona mjinga, maana yeye mwenyewe alikitoa kibuyu kwa mikono miwili, na shikamoo juu. Kisha pua yake ikaanza kucheza.

"Kesho ni siku ya kiapo," akasema. "Subiri tuape kwanza. Ukitaka kurudi, urudi baada ya hapo."

"Kiapo kinashibisha?"

"Cha kesho kitashibisha."

Akatoka, tiki-tiki-tiki, mpaka pangoni kwa Fisi. Pango lenyewe ndilo kubwa kuliko yote chuoni, lenye kivuli asubuhi na jioni. Akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo, Kaka Mkubwa. Nimekuja kuomba ushauri."

"Umekuja na nini?"

"Sina kitu, kaka. Nina swali tu. Mtu akipewa paja zima la nyati, ni lazima alimalize palepale, au anaruhusiwa kubakiza?"

Masikio ya Fisi yakasimama, twaa!

"Paja la nini?"

Nguchiro akajiziba mdomo. "Yalaa! Tumekatazwa kusema."

"Mdogo wangu," akasema Fisi, na ute ukaanza kumchuruzika, cho-cho-cho, "mimi na wewe tunafichana?"

"Kaka, nitaadhibiwa."

"Nani atakuadhibu mimi nipo?"

"Basi... ni la kesho, baada ya kiapo. Lakini ni la mwaka wa kwanza tu, kaka. Ninyi wakubwa hamruhusiwi kuonja hata mchuzi. Mimi tumbo langu dogo, nimeanza kuogopa. Na la mtu wa mwisho ndilo linalonitisha zaidi."

"Wa mwisho ana nini?"

"Wa mwisho anapewa yote yaliyobaki. Kichwa, mbavu, utumbo, na sufuria alilambe. Sasa sote tunakimbia kuwa wa mwanzo ili tusiangukiwe na mzigo ule."

Fisi akameza mate, nglu! Akatazama juu, akatazama chini. "Na mtu akitaka kuapa, anasema nini?"

"Anasema mimi ni mgeni, sijui kitu, nitawatii walionitangulia. Basi."

"Hukaguliwi?"

"Mzee Kifaru atamkagua nani, kaka? Yule anaona mpaka ncha ya pembe yake tu. Anasikiliza."

Fisi akaagana naye. "Nenda, mdogo wangu. Paja la nyati ni zito kwako. Ushauri wangu, usile."

"Ahsante, Kaka Mkubwa."

Kukapambazuka. Wanafunzi wote, wa zamani na wageni, wakakusanyika uwanjani. Mzee Kifaru akasimama katikati, macho yake madogo yamefumba nusu, masikio yanazunguka huku na huku. Wageni wakapanga mstari. Mara wakamwona Fisi anakuja, amejipaka tope mwili mzima, anatembea kwa kunyata kama mtoto wa jana. Ngiri wa mwaka wa tatu akataka kucheka, Nguchiro akamkanyaga mguu.

Nguchiro akasogea kando. "Pita mbele yangu, kaka."

"La!" akanong'ona Fisi. "Tangulia wewe."

Digidigi naye akampisha. "Pita, kaka."

"La, la! Tangulieni!" Uchu ukampanda, sauti ikamtoka. "Tangulieni wote, mimi nitakuwa wa mwisho!"

"Mgeni mwenye adabu," akasema Mzee Kifaru. "Tangulieni basi, amewaruhusu."

Akaapa Kanga. Akaapa Nungunungu. Akaapa Nguchiro. Akaapa Digidigi, kwa sauti ya njaa. Wakaisha wote. Akabaki Fisi.

"Wewe nani?" akauliza Kifaru.

"Mgeni, mzee," akasema Fisi kwa sauti nyembamba, kama uzi.

"Umewahi kukanyaga chuo hiki?"

"Hata siku moja, mzee."

"Mbona sauti yako kama naifahamu? Nina mwanafunzi wangu hapa, Fisi, amenichosha miaka. Unamjua?"

Fisi akababaika. Pua yake inatafuta harufu ya nyama. "Huyo... huyo nasikia amekwisha kuhitimu, mzee."

Mzee Kifaru akashtuka. "Amehitimu? Yule?" Machozi yakamlengalenga. "Mungu mkubwa! Haya, apa, mwanangu. Apa haraka, leo siku njema."

Fisi akajaza kifua. "Mimi ni mgeni! Sijui kitu! Nitawatii walionitangulia!"

"Nimekusikia," akasema Kifaru. "Na kwa kuwa Fisi amehitimu, pango lake sasa ni la wageni hawa. Wakalichukue na vyote vilivyomo. Nendeni."

Akageuka kuondoka. Puu, puu, puu.

"Mzee!" akaita Fisi. "Na nyama?"

"Nyama gani?"

Fisi akamtazama Nguchiro. Nguchiro akatazama mawingu.

Hapo ndipo Fisi alipoelewa. Akaunguruma, akafungua taya, akamrukia Nguchiro, na Nguchiro, kusema kweli, moyo wake ulisimama, maana taya zile zilikuwa pana kuliko mlango wa kwao. Lakini hakukimbia. Akasema kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka kwa Kifaru:

"Mdogo wangu! Una jambo la kumwambia mzee? Kwamba hukuhitimu? Kwamba umeapa uongo mbele yake? Sema tu, nitakusindikiza!"

Masikio ya Kifaru yakageuka. "Kuna nini huko?"

Taya zikafunga, kap! Aliyeapa uongo chuoni pale alikuwa anafukuzwa na pembe ya mzee mwenyewe, nayo haikuhitaji kuona mbali.

"Hakuna kitu, mzee," akasema Fisi. "Namsalimia dada yangu. Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema Nguchiro.

Wageni wakakimbilia pangoni. Ndani walikuta kibuyu cha Nguchiro, kumbikumbi wamebaki wa kufunika chini. Walikuta asali ya mtu, samaki wa mtu, mayai, viazi, na paja la swala ambalo Fisi alilificha kwa ajili ya Ijumaa. Nguchiro akaanza kugawa. Digidigi akapata tonge la viazi, akalitazama kwanza, kisha akala huku analia, na hakuzungumza tena habari ya nyumbani.

Fisi amesimama mlangoni. "Jamani, lile paja ni langu."

Na wageni wote, pamoja na Ngiri aliyekuja kuangalia tu, wakamwambia nini?

— Lete tukuhifadhie!

Kram! kram! kram! Nglu!

Tangu siku hiyo Fisi akawa na wakubwa chuo kizima. Kanga anamtuma maji, Nungunungu anamtuma kuni. Akilalamika, wanamwita Mzee Kifaru. Digidigi, aliyekuwa mkubwa wake wa karibu, akamwamuru akae dawati la mbele kabisa, amkinge na macho ya mwalimu. Mwalimu akalikariri jina la Fisi. Kila swali likawa lake. Usiku wenzake hawamwachi alale mpaka asome kwa sauti, kwa sababu wamesikia kwamba kusoma mapema kunachosha akili, nao hawataki kujichosha wao.

Mvua ikanyesha, jiko likafunguliwa, mtihani ukaja. Matokeo yakatangazwa uwanjani. Kwa mara ya kwanza tangu mto ule uanze kutiririka, Fisi amefaulu. Tena vizuri.

Fisi akakaa chini, akalia kilio cha msiba. Wenzake wakadhani ni furaha. Nguchiro peke yake ndiye aliyejua. Fisi alikuwa amepiga hesabu: akiendelea kufaulu hivi, ipo siku atahitimu kweli, na akihitimu atatakiwa kufanya kazi.

Basi, ninyi mnaoanza chuo mwaka huu, funzo ni hili. Wasikilizeni wakubwa zenu. Mkiambiwa leteni, leteni. Msiseme uongo kamwe, mmemwona Nguchiro alivyoadhibiwa: kapewa pango kubwa lenye kivuli asubuhi na jioni, na masikitiko yake mpaka leo hayasemeki. Na msikae mbele darasani, msije mkafaulu bila kukusudia kama Fisi maskini, mkawatia wazazi hasara ya mahafali.

Nami nilipita kule wakati wanaosha masufuria. Nikaomba ukoko, wakaniambia waliapa kabla yangu. Nikaondoka na maneno haya matupu; nimewagawia, nanyi kayatafuneni kwenu.

— Yana chumvi?

— Onjeni!