Kwa Nini Samaki Hubeba Siku Zake Kichwani

Nyie mnaokula kichwa cha samaki na kutema kile kijiwe cheupe kando ya sahani, leo nyamazeni mnisikilize. Sitarudia. Na wewe Tabu, ukitaka kuuliza, uulize nikishamaliza, maana ukishaanza wewe hatulali.

Zamani, kabla babu zetu hawajajua kuchonga mtumbwi, vichwa vya samaki wa Ziwa Tanganyika vilikuwa vitupu. Watoto wao walizaliwa wakiyumba majini, tumbo juu, mgongo chini, hawajui wapi ni wapi. Wala hakuna samaki aliyejua ameishi siku ngapi. Huko chini mwanga hufika kwa shida, na samaki hulala macho wazi, kwa hiyo jana na leo zilikuwa kitu kimoja.

Sheria ya ziwa ilisema hivi. Yai lilikuwa chakula cha yeyote aliyelikuta. Lakini mtoto aliyekwisha kulala na kuamka, hata mara moja tu, alikuwa mwana wa ziwa, na kumla akiwa bado kiotani kwa mama yake kulikuwa ni kuua. Mwana wa ziwa akifa aliwekewa matanga: samaki wote waliacha kula mpaka jua lizame. Yai halikuliliwa na mtu.

Palikuwa na mama mmoja, Kuhe, yule samaki mpana wa tumbo la njano. Mumewe alichukuliwa na fisi maji siku ileile mayai yalipotagwa, akabaki peke yake kulinda kiota. Watoto walipoanguliwa akawaona wanavyopinduka, akawaonea huruma. Basi kila asubuhi alikwangua chokaa mwambani, akampaka kila mtoto chembe moja ndani ya sikio, ili kichwa kipate uzito. Jioni alipaka tope jembamba juu yake, chokaa isioshwe na maji. Kukicha, chokaa tena. Kukichwa, tope. Wenzake walimcheka sana. "Shoga," walimwambia, "unalea au unajenga nyumba?" Kuhe aliendelea na kazi yake.

Siku moja kitinda mimba wake, aliyemwita Kazuba, hakuonekana kiotani. Dagaa waliokuwa wakipita walisema wamemwona Sangala akitoka pale, na Sangala mnamjua, kinywa chake hakijui kushiba. Kuhe akaenda kushtaki kwa Kambare mzee, mwamuzi wa ziwa. Kambare alikuwa haoni tena. Kila kitu alikijua kwa kukipapasa na sharubu zake.

Sangala hakukana. Alisema kwa utulivu kabisa, "Baba, nilikula yai. Lilikuwa limechelewa kuanguliwa. Kama ni mtoto, nani ameziona siku zake?"

Kuhe akasema ameziona yeye. Akaambiwa mama hawezi kuwa shahidi wa mwanawe mwenyewe.

"Sitaki kisasi," Kuhe akasema. "Wala sitaki fidia. Nataka mwanangu awekewe matanga. Aliishi. Msiniambie hakuwapo."

Mnivumilie. Nipeni maji kwanza.

Kambare akamwamuru Sangala atapike. Kilichotoka ni ute mtupu, kwa sababu nyama ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Lakini katikati ya ute ule kikaanguka kijiwe kidogo cheupe. Kambare akakiuma, kikapasuka vipande viwili. Akaanza kupapasa pale kilipopasukia kwa ncha ya sharubu, taratibu, kutoka ndani kwenda nje.

"Hapa kumekucha," akasema. "Hapa kumekuchwa. Hapa kumekucha. Hapa kumekuchwa."

Sangala akaanza kurudi nyuma kidogo kidogo. Siku zenyewe zilikuwa chache, jamani, chache mno, lakini zilikuwapo, na Kuhe alilia kwa kila moja iliyotajwa.

Ilipofika ukingoni, sharubu ikasimama.

"Mama," Kambare akasema, "chokaa hii ya mwisho ni nyembamba. Imepakwa mbiombio. Ulikuwa unakwenda wapi?"

Kuhe angeweza kunyamaza, kwa sababu Sangala alikuwa ameshashindwa. Nani angemsumbua tena mama mwenye msiba? Lakini alijibu.

"Njaa, baba. Tangu nitage sikuwa nimeonja kitu. Nilimpaka harakaharaka, nikamwambia narudi sasa hivi."

Hakuna aliyemlaumu. Kambare alimhukumu Sangala aondoke karibu na ufuko, akaishi kwenye maji ya kina, mbali na viota vya watu. Siku ile ziwa lote likamwekea Kazuba matanga. Dagaa hawakula, ngogo hawakula, kaa hawakula, hata Sangala huko alikokwenda hakula. Kisha Kambare akaamuru kwamba kila samaki azaliwe na kijiwe chake, nacho kiongezeke chenyewe mchana na usiku, ili asipatikane tena mtoto wa kuitwa yai.

Na tangu siku hiyo samaki hubeba siku zake kichwani, tabaka jeupe juu ya tabaka jeusi, na siku aliyolala na njaa hujulikana kwa wembamba wake. Kuhe naye, akishataga, hali kitu mpaka watoto wake waondoke wenyewe. Mtamkuta kando ya mwamba amekonda, tumbo limeshikana na mgongo, chakula kinapita mbele ya mdomo wake naye hageuzi hata jicho. Hana tena chokaa ya kupaka wala tope. Anakaa nao tu.