Jina la Kwenye Mlango wa Maabara

Haya, anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudi nyuma.

Profesa Eliamini amestaafu, lakini moyo wake umebaki maabara, enzi zile za wanafunzi wake watatu. Sekunda alikuwa na mkono wa kupika kemikali. Masatu alielewana na mashine. Hidaya alikuwa na jicho la kusoma grafu. Mchana walikula sahani moja, wakigombania maharage. Profesa akiwakumbuka, machozi humlengalenga.

Walitaka kujua chuma kinavyokaa katikati ya porfirini, molekuli yenye umbo la pete, ndugu wa ile inayoipa damu wekundu wake.

Sekunda ndiye aliyeipika pete hiyo. Kila mara ikitoka lami nyeusi, anaosha vyombo na kuanza upya, hadi akapata fuwele za zambarau na kuzitia chuma. Zilitosha mrija mmoja tu.

Masatu ndiye aliyeitunza mashine, sumaku kubwa inayosikiliza atomi zinavyoitikia. Sumaku ile isipopozwa kwa nitrojeni ya kimiminika, basi tena. Nitrojeni ilipoadimika, Masatu alidandia lori hadi mkoa wa jirani, akarudi na mtungi uliojaa, vumbi limemtapakaa hadi kwenye kope.

Mrija ukaingizwa. Grafu ikatoka bila kitu cha maana.

“Nimeharibu,” Sekunda akasema, akaanza kulia. “Tumwage tu.”

“Mashine yangu nzima, msiisingizie!” Masatu akafoka.

“Jamani, tulieni,” Hidaya akasema. “Chuma hiki nacho ni kisumaku. Kimezisukuma alama za grafu mbali, nasi tunachungulia palepale tulipozoea.”

Akapanua eneo la kutafutia. Alama zikajitokeza, huko mbali kabisa. Profesa alicheza hadi miwani ikadondoka. Hajawahi kufurahi vile tena.

Sasa chuo kimejenga maabara mpya. Mlangoni litawekwa jina la mmoja wa watatu hao, na Profesa ndiye wa kuchagua. Wiki hii wote wamempigia simu: “Shikamoo, Profesa, afya inaendeleaje?” Hakuna aliyegusia mlango.

“Si uandike lako yaishe?” mkewe akamwambia.

“Langu? Mama Ndekirwa, mimi nilishangilia tu.”

Bila Sekunda, hakuna cha kupima. Bila Masatu, hakuna cha kupimia. Bila Hidaya, fuwele zingeishia kwenye sinki. Akimtaja mmoja, anaogopa atawapoteza wawili, na uzee huu haumpi wengine. Fundi wa kibao anabisha hodi.

Enhe, ninyi mliokaa kimya, mngemwambia fundi achonge jina la nani?